Maumivu Yanayoanza Njiani: Ganzi ya Mgongoni na Safari ya Kurudi Liganga

Magazeti yanapoitaja Liganga, huitaja kwa sababu ya chuma. Milima ya kata ya Mundindi, wilayani Ludewa katika Mkoa wa Njombe, imebeba mashapo ya chuma ambayo yamezungumzwa kwa miaka mingi, na Wapangwa wa maeneo hayo walikuwa wakiyeyusha chuma na kufua majembe kabla ya mtaalamu yeyote wa miamba kupiga hema lake huko. Afya ya wakazi haiandikwi sana. Hata hivyo, kwa mtu ambaye kazi yake ni kutoa dawa za ganzi na usingizi, Liganga ni mahali panapostahili kufikiriwa kwa makini, si kwa sababu ya kilichomo ardhini bali kwa sababu ya umbali ulio kati ya nyumba ya mgonjwa na meza ya upasuaji.

Mkulima wa huko aliyesumbuliwa na ngiri kwa miaka kadhaa hapasuliwi kijijini kwake. Hufuata hospitali ya misheni ya Lugarawa au hospitali ya wilaya mjini Ludewa. Pengine hupanda hadi Njombe mjini, na mwenye ndugu wa kumhifadhi Makambako hufika hata huko. Huchomwa sindano ya ganzi mgongoni, hupasuliwa akiwa macho, hulala wodini usiku mmoja, na asubuhi yake huruhusiwa. Ganzi imekwisha, miguu inamtii, kidonda ni kikavu. Anaingia garini. Saa chache baadaye, gari likiwa limeiacha barabara ya Ludewa pale Mkiu na kushika njia iendayo Liganga na Madaba, maumivu ambayo hakuwa nayo kabla ya upasuaji yanaanza katika makalio yote mawili, yanashuka mapajani, na kila gari linapoingia shimoni yanazidi kuwaka. Hakuna muuguzi wa kumuuliza. Abiria wa kiti cha jirani ndiye mshauri wake, naye ana jibu tayari: ile sindano imemharibu uti wa mgongo.

Safari hiyo ni ya mfano tu, lakini maumivu yenyewe ni ya kweli na yana jina katika vitabu vya tiba: dalili za muda za mishipa ya fahamu baada ya ganzi ya mgongoni. Huanza baada ya ganzi kwisha kabisa, mara nyingi ndani ya saa 24 za kwanza. Hukaa kwenye makalio na kuteremka mapajani, wakati mwingine hadi chini ya magoti, na kwa kawaida hushika pande zote mbili. Wengine huyaeleza kama kuungua, wengine kama mkakamao wa misuli, wengine kama uchovu wa mtu aliyepanda mlima na gunia kichwani. Yanaweza kuzidi maumivu ya kidonda chenyewe. Kinachoyatofautisha na madhara makubwa ni yale yasiyokuwapo: nguvu za miguu hazipungui, ngozi haifi ganzi upya, haja ndogo na kubwa hutoka kama kawaida. Daktari anapompima mgonjwa wa namna hii haoni kasoro, na hata vipimo vya umeme wa misuli na mishipa ya fahamu havijaonyesha uharibifu. Kwa walio wengi maumivu huisha ndani ya siku 5, na mapitio ya tafiti yalionyesha kuwa yalitoweka yenyewe kufikia siku ya 10.

Dawa iliyoaminiwa miaka 45

Ganzi ya mgongoni ina umri wa zaidi ya miaka 125. Mnamo Agosti 1898, mwezi mmoja tu baada ya Mtwa Mkwawa kujiua huko Uhehe ili asitiwe mikononi mwa Wajerumani, daktari mpasuaji Mjerumani aitwaye August Bier alikuwa mjini Kiel akiwachoma wagonjwa wake kokaini ndani ya maji ya uti wa mgongo. Tarehe 24 ya mwezi huo yeye na msaidizi wake, August Hildebrandt, walijaribiana wenyewe kwa wenyewe. Hildebrandt, miguu yake ikiwa imekufa ganzi, alipigwa nyundo ya chuma kwenye muundi asisikie kitu. Ganzi ilipoisha alisikia sana. Bier naye alilala siku kadhaa akiwa na kichwa kilichomuuma kila alipoinuka. Kwa hiyo tangu mwanzo kabisa tiba hii iliambatana na maumivu yaliyokuja baada ya dawa kwisha, nayo yalijulikana kwa sababu aliyeyapata alikuwa tabibu mwenyewe, mwenye kalamu mkononi.

Kokaini ilikuwa na sumu nyingi, na kemia ikatafuta mbadala. Prokaini ilipatikana mwanzoni mwa karne ya 20. Kisha, mwaka 1943, Nils Löfgren wa Uswidi aliunda lidokaini, ambayo wahudumu wengi wameizoea kwa jina la lignokaini. Iliingia sokoni mwaka 1948 kwa jina la Xylocaine. Ilifanya kazi upesi, ikaisha kwa wakati unaotabirika, na ikawa rafiki wa vyumba vya upasuaji duniani kote. Kwa ganzi ya mgongoni ilipendwa ile ya asilimia 5, iliyochanganywa na glukosi ili iwe nzito kuliko maji ya uti wa mgongo na izame upande anaoutaka mtoa ganzi. Bupivakaini, inayodumu kwa muda mrefu zaidi, iliundwa pia Uswidi, mwaka 1957.

Tahadhari ya kwanza kubwa dhidi ya lidokaini ilitoka Marekani mwaka 1991, wagonjwa wanne walipopata madhara mazito ya mishipa ya fahamu baada ya kupewa ganzi ya mgongoni kidogo kidogo kupitia mirija myembamba sana. Ilionekana kuwa dawa ilijikusanya mahali pamoja badala ya kuenea, ikaiunguza mizizi ya mishipa ya fahamu iliyo chini ya uti. Mwaka uliofuata mirija hiyo iliondolewa sokoni nchini humo. Lakini mwaka 1993 madaktari wa Uswisi waliandika juu ya wagonjwa wengine wanne, na hawa hawakuwekewa mirija yoyote. Walichomwa sindano moja ya kawaida, kwa kipimo cha kawaida, cha lidokaini nzito ya asilimia 5. Walipasuliwa wakiwa chali, miguu imeinuliwa na kutundikwa kwenye vishikio. Walipona ganzi vizuri, kisha wakashikwa na maumivu ya makalio na miguu, kisha maumivu yakaisha yenyewe.

Hapo linazuka swali la aibu kidogo kwa taaluma. Kuanzia 1948 hadi 1993 ni miaka 45. Ilikuwaje dawa iliyotumiwa kwa watu wengi kiasi hicho isishukiwe? Haielekei kwamba maumivu yalianza mwaka 1993. Linaloelekea zaidi ni kwamba mtoa ganzi humwona mgonjwa hadi anapotolewa chumba cha uangalizi, mpasuaji humwona kwa ajili ya kidonda, na maumivu ya makalio yanayoanza kesho yake huangukia katikati, pasipo na mwenyewe. Mgonjwa akiyataja, huambiwa ameumizwa na ugumu wa meza. Baada ya 1993 watafiti walianza kufanya jambo dogo ambalo halikuwa desturi: kuwatafuta wagonjwa siku iliyofuata, wodini au kwa simu nyumbani, na kuwauliza kwa maneno ya wazi iwapo makalio na miguu inauma.

Majibu yalishangaza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1998, uliowafuatilia watu 1,863 waliopewa ganzi ya mgongoni, ulikuta maumivu haya kwa asilimia 11.9 ya waliopewa lidokaini, asilimia 1.6 ya waliopewa tetrakaini na asilimia 1.3 ya waliopewa bupivakaini. Tofauti ya namna hiyo haiwezi kuelezwa kwa ugumu wa meza. Lakini meza nayo ilikuwa na neno lake. Miongoni mwa waliopewa lidokaini, wale waliopasuliwa miguu ikiwa imetundikwa na kurudi nyumbani siku hiyohiyo walipata maumivu kwa asilimia 24.3; waliolazwa hospitalini na kupasuliwa katika mikao mingine walipata kwa asilimia 3.1 tu.

Mapitio makubwa ya mwaka 2019 yalikusanya tafiti 24 zenye washiriki 2,226, ambao 239 kati yao walipata dalili hizo. Hukumu yake ni kwamba bupivakaini, prilokaini, prokaini, ropivakaini na levobupivakaini zote huleta maumivu haya kwa nadra zaidi kuliko lidokaini; hatari yake ilikadiriwa kuwa kati ya sehemu moja ya kumi na robo hivi ya ile ya lidokaini. Mepivakaini na kloroprokaini hazikuonyesha nafuu. Habari za wajawazito katika tafiti hizo ni chache, jambo linalosikitisha katika nchi ambamo mjamzito anayejifungua kwa upasuaji ndiye mtu anayekutana na sindano hii mara nyingi kuliko wengine.

Kwa nini lidokaini? Hakuna jibu lililokubaliwa na wote. Wengine wanaona kuwa dawa yenyewe huichubua mizizi ya mishipa ya fahamu kwa kiasi kidogo. Wengine husema kuwa miguu inapoinuliwa mizizi hiyo huvutwa, damu yake hupungua, na dawa huikuta katika hali dhaifu. Wapo pia wanaoiona kuwa ni misuli ya kiuno iliyolegea kupita kiasi na kukakamaa baadaye. Kilicho wazi zaidi ni yale yasiyosaidia. Glukosi haikuwa mkosaji. Kuipunguza lidokaini kutoka asilimia 5 hadi asilimia 0.5 hakukuyaondoa maumivu, ingawa ingetarajiwa hivyo kama ingekuwa sumu ya kawaida inayofuata kipimo. Hata aina ya sindano haikuleta tofauti ya maana.

Saa za dawa na saa za barabara

Lidokaini bado ina watetezi wake, na hoja yao si ya kipuuzi. Ganzi yake ya mgongoni huisha mapema, mara nyingi ndani ya saa moja na nusu hivi, ilhali ya bupivakaini yaweza kudumu saa mbili, tatu au zaidi, ikichelewesha pia mgonjwa kukojoa mwenyewe. Mtu anayepasuliwa bawasiri asubuhi katika jiji lenye lami na kusubiriwa na gari lake nje ana sababu ya kutaka dawa fupi. Orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani imezitaja dawa zote mbili kwa ganzi ya mgongoni, kwa hiyo anayeitumia lidokaini si mvunja sheria.

Lakini hoja hiyo ikipelekwa Ludewa hupoteza nguvu yake karibu yote. Mgonjwa wa Liganga harudi nyumbani siku hiyohiyo hata ganzi ikiisha kwa dakika 40. Barabara ya Itoni–Ludewa–Manda ina zaidi ya kilomita 200 katika nchi ya milima, na ingawa kipande cha Lusitu hadi Mawengi chenye kilomita 50 kilijengwa kwa zege ili kishindane na mvua na miteremko, safari bado ni ya kukaa kwa saa nyingi, magoti yamekunjwa, mzigo miguuni. Mtu huyo atalala wodini vyovyote iwavyo. Saa mbili za ziada za bupivakaini hazimgharimu kitu, na zinampunguzia kwa kiasi kikubwa uwezekano wa kuumia njiani. Kwa hali hiyo, ubora pekee wa lidokaini unamnufaisha mtu asiyekuwapo.

Ndiyo maana inatia moyo kwamba bupivakaini nzito ya asilimia 0.5 ndiyo dawa ya kawaida ya ganzi ya mgongoni katika hospitali nyingi za Tanzania leo. Wasiwasi huanza inapokosekana kabatini. Jambo moja linahitaji kusemwa bila kuzungusha maneno: kichupa cha lidokaini kinachotumika kutia ganzi ngozi wakati wa kushona jeraha, chenye dawa za kuzuia kuoza au kilichotiwa adrenalini, si mbadala wa dawa ya mgongoni. Hakikutengenezwa kwa ajili ya maji ya uti wa mgongo, na madhara yake yaweza yasiwe ya muda. Prilokaini na kloroprokaini, ambazo ni fupi, zinatumika katika baadhi ya nchi za Ulaya, lakini hazimo katika orodha ile ya dawa muhimu, na haitarajiwi kuwa zitafika Mundindi hivi karibuni.

Mkao wa mgonjwa ni jambo jingine ambalo haligharimu fedha. Upasuaji wa bawasiri, wa fistula na wa tezi dume kwa njia ya mkojo hudai miguu iinuliwe. Inaweza kuinuliwa pale tu kazi inapoanza na kushushwa mara inapokwisha, yote miwili pamoja na polepole, badala ya kumwacha mgonjwa akining'inia huku watu wakitafuta vifaa.

Maumivu yasiyopaswa kuitwa ya muda

Neno "muda" lina hatari yake. Muuguzi akishazoea kusema kwamba maumivu ya baada ya ganzi hupita, ipo siku atalisema kwa mtu ambaye maumivu yake hayatapita.

Chini ya mahali uti wa mgongo unapoishia kuna fungu la mizizi ya mishipa ya fahamu ambalo wataalamu wa kale wa maumbile ya mwili walilifananisha na mkia wa farasi. Mizizi hiyo huhudumia miguu, kibofu, njia ya haja kubwa na sehemu za siri. Ikibanwa na damu iliyovujia ndani ya mfereji wa pingili, au na usaha, au ikiunguzwa na dawa, dalili zake huanzia kwenye yale ambayo maumivu ya muda huyaacha salama. Mguu unakuwa mzito au unajikunja ukikanyagwa. Ganzi iliyokwisha inarudi, au haijaisha wakati saa zake zimepita sana. Mkojo hauji ingawa kibofu kimejaa, au haja hutoka bila mtu kujua. Sehemu ambayo mtu huikalia anapopanda baiskeli hupoteza hisia. Homa ikiandamana na shingo kukakamaa au maumivu makali ya mgongo pale pale palipochomwa sindano, huenda ni maambukizi, na homa ya uti wa mgongo haisubiri gari la kesho.

Damu inayobana mizizi inahitaji kuondolewa kwa upasuaji, na matumaini ya mtu kutembea tena ni makubwa zaidi akifanyiwa ndani ya saa 8 tangu miguu ilipoanza kudhoofika. Saa hizo 8, kwa mtu aliye Liganga, ni hesabu ngumu. Kutoka pale hadi Njombe, kisha Makambako kwenye barabara kuu, kisha Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya, muda unaweza kwisha gari likiwa bado linatembea. Bahati ni kwamba ajali hiyo ni nadra mno kwa mtu ambaye damu yake huganda vizuri. Bahati hiyo haipo kwa mgonjwa anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, au mjamzito mwenye kifafa cha mimba ambaye chembe zinazogandisha damu zimepungua; kwa hao swali la sindano ya mgongo huulizwa na kujibiwa kabla haijafunguliwa pakiti yake.

Kuna pia maumivu ya tatu, yasiyo ya hatari hiyo lakini yanayochanganywa na haya: kichwa kinachouma mtu anapokaa au kusimama na kupoa anapolala. Hicho ni kichwa kilekile cha Bier, kinachotokana na maji ya uti wa mgongo kuvuja kupitia tundu la sindano. Tiba yake ni nyingine na kinahitaji daktari kikizidi, hasa kwa mama anayenyonyesha ambaye hawezi kulala kutwa.

Kwa maumivu ya muda yenyewe, tiba ni ya kawaida: parasetamoli, na dawa za jamii ya ibuprofeni au diklofenaki kwa asiye na vidonda vya tumbo, ugonjwa wa figo au sababu nyingine ya kuzikwepa. Kutembea kidogo kidogo huwasaidia wengi. Kukaa muda mrefu garini hakusaidii.

Maneno kabla ya sindano

Katika sehemu nyingi za nchi, sindano ya mgongo imebeba lawama kubwa kuliko kosa lake. Mama aliyejifungua kwa upasuaji miaka minne iliyopita, akabeba mtoto mgongoni, ndoo kichwani na jembe begani tangu wiki ya sita, akiumwa kiuno husema ni ile sindano. Utafiti uliochapishwa Uingereza mwaka 2002 ulilinganisha wanawake waliopewa ganzi ya epidurali wakati wa uchungu, ambayo ni ndugu wa karibu wa ganzi hii, na wale ambao hawakuipewa. Baada ya muda mrefu maumivu ya kiuno hayakutofautiana kwa maana. Mimba yenyewe huuchosha mgongo. Sindano hupita kati ya pingili za kiuno, chini ya mahali uti unapoishia kwa mtu mzima, na hukuta mizizi inayoelea majini, ambayo kwa kawaida husogea inapoguswa.

Lakini haifai mhudumu kuicheka imani hiyo. Ina chanzo. Mtu aliyeambiwa kwamba sindano haina madhara yoyote, kisha akashikwa na maumivu makali ya makalio siku ya pili, amejionea kwa mwili wake kwamba aliyemwambia hakusema kweli. Hawezi kujua kwamba maumivu hayo yataisha wiki ijayo, na yakiisha hatarudi hospitalini kutoa taarifa. Anachobaki nacho ni simulizi, na simulizi husafiri kijijini upesi kuliko gari. Tatizo hujitokeza miaka baadaye, binti yake au jirani yake anapohitaji kupasuliwa ili mtoto atoke salama. Hukataa ganzi ya mgongoni, na mtoa ganzi hulazimika kumpa usingizi kamili, ambao kwa mjamzito una hatari zake za pumzi na matapishi. Hatari hizo ni kubwa zaidi mahali ambapo mtoa ganzi ni mmoja, muuguzi aliyesomea usingizi, asiye na mwenzake wa kumwita usiku. Mwaka 2015–16 akina mama waliojifungua kwa upasuaji nchini walikuwa karibu asilimia 6 ya wazazi wote, na tangu hapo kiwango hicho kimepanda. Wanaokutana na uamuzi huo wanaongezeka kila mwaka.

Kwa hiyo maneno ya kabla ya sindano ni sehemu ya dawa. Hayahitaji kuwa mengi, na hayahitaji kuficha. Kwa mzee wa ngiri yanaweza kuwa haya: "Baba, dawa hii itaifanya miguu yako isisikie kwa saa kadhaa, kisha itarudi. Watu wachache, ganzi ikishaisha, huumwa makalio na mapaja kwa siku mbili tatu, na wachache mno huzidi hapo. Yakikupata hayo, meza vidonge tutakavyokupa, na usiogope. Ila mguu ukikosa nguvu, au mkojo ukikataa kutoka, au ukipata homa, usingoje kukuche. Tupigie, na uende zahanati saa hiyohiyo." Mzee mwenye kuelezwa hivi, akipata maumivu njiani, hukumbuka kuwa alitajiwa. Abiria wa jirani hatakuwa na nafasi kubwa.

Kwa mama wa upasuaji wa uzazi maelezo hubadilika kidogo. Kwa kawaida hupewa bupivakaini, na hulazwa chali akiwa ameinamishwa upande wa kushoto, miguu haitundikwi. Kwa hiyo maumivu haya kwake si ya kutarajiwa sana. Mama wa namna hiyo akija siku ya tatu akilalamikia miguu, asiambiwe haraka kuwa ni ya muda. Apimwe nguvu za miguu, aulizwe kuhusu mkojo, aguswe ngozi ya mapaja na makalio, mgongo utazamwe palipochomwa. Hayo yote yanaweza kufanywa na muuguzi wa zahanati bila kifaa kingine zaidi ya mikono yake, mradi karatasi ya ruhusa aliyokuja nayo mgonjwa imeandikwa alipewa dawa gani, kiasi gani, saa ngapi na katika mkao gani. Karatasi nyingi za ruhusa hueleza upasuaji uliofanywa na tarehe ya kutoa nyuzi, basi. Mstari mmoja wa ganzi ungetosha.

Na kama wodi ina simu na mgonjwa au ndugu yake ana namba, siku inayofuata inaweza kuulizwa kwa maswali yaleyale yaliyoifichua lidokaini baada ya miaka 45: makalio na mapaja yanauma? Miguu inakubeba ukisimama? Umekojoa leo? Kwa mgonjwa wa Liganga, wakati mzuri wa kuyauliza ni jioni ya siku aliyoruhusiwa, akiwa ameshashuka garini na kabla hajalala.